Jinsi ya kuandika ĩ na ũ kwenye Word na kwenye tovuti

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno faraghani, sasa naliweka hapa ili nikiulizwa tena nielekeze. Nazungumzia ĩ na ũ za Kikuyu, Kikamba, Kiembu na Kimeru. Alama nyingine hufuata njia hiyohiyo, namba tu hubadilika.

1. Fungua Word.

2. Shika namba: ĩ ni 0129, ũ ni 0169. Kubwa ni Ĩ 0128 na Ũ 0168.

3. Andika namba pale herufi inapotakiwa, bila nafasi, kisha bonyeza Alt na X pamoja.

Hapa soma polepole. Katika namba hizi, a, b, c, d, e na f nazo huhesabiwa kuwa tarakimu. Ukiandika "Gĩkũyũ" huna shida. Ukifika mwisho wa "mũndũ", Word haioni 0169, inaona d0169. Inaimeza d yako na kukuachia kisanduku kitupu. Nilipanga kijitabu cha mazishi ya shangazi yangu usiku, nikapeleka kuchapisha nakala 200 bila kukisoma tena. Kesho yake, katikati ya wimbo, watu wakafika kwenye "mũn" na kisanduku, sauti zikakatika. Mjomba alinitazama tu. Kwa hiyo herufi iliyotangulia ikiwa kati ya a na f, chagua zile tarakimu nne peke yake kwa kipanya, ndipo ubonyeze Alt na X. Na usome kazi yote kabla ya kuchapisha.

4. Kama unaandika sana, ingia AutoCorrect (sehemu ya Word inayorekebisha maandishi yenyewe unapoandika) uiambie i~ igeuke ĩ, na u~ igeuke ũ.

5. Kwenye tovuti, hifadhi faili kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote), weka <meta charset="utf-8"> ndani ya head (sehemu ya mwanzo ya faili la HTML), uandike herufi yenyewe. Ukiona Å© mahali pa ũ, hatua hii umeiruka. Ukishindwa kabisa, tumia ĩ na ũ, nuktamkato isisahaulike.

MASWALI

Yangu inakataa.
— Inakataa vipi? Baada ya herufi gani? Rudi hatua ya 3, aya ndefu.

Kwani lazima? Ukiandika i na u tunaelewa tu.
— Unaelewa kwa sababu umekua ukiisikia. Kikuyu kina vokali 7, na i na ĩ ni mbili tofauti. Mtoto anayejifunza kusoma ana karatasi tu mbele yake.

Nimenakili ũ kutoka kwa mwenzangu. Inaonekana sawa, lakini nikitafuta neno halipatikani. Kwa nini?
— Umeuliza vizuri. Huenda hiyo ni u ya kawaida iliyovikwa alama ya pekee juu, yaani herufi mbili. Weka kishale mara baada yake, bonyeza Alt na X. Ikitoka 0169, ni moja. Ikitoka u0303, ni mbili.

Je, ng' ya Kiswahili? Word inaupinda mkato wangu.
— Bonyeza Ctrl na Z mara tu unapopinda, utanyooka. Chagua mtindo mmoja kwa kitabu kizima.

Nimepata u0303 kila mahali, ndugu! Kurasa 90. Nizibadilishe moja moja?
— Hapana. Rudisha kwanza kwa Alt na X. Hifadhi nakala ya waraka, nakili ũ moja mbovu, ibandike kwenye Find, weka nzuri kwenye Replace, kisha Replace All. Rudia kwa ĩ, halafu kwa herufi kubwa.