Kihisi cha maji kwenye simtanki, na vitufe vitatu vya mlinzi

Mwongozo huu ni wa nyumba yenye simtanki la lita 2,000 juu ya mnara, kisima chenye pampu, na maji ya bomba yanayokuja kwa mgao. Kifaa kitasoma kiwango, kitawasha na kuzima pampu, na kitamtegemea mtu pale ambapo chenyewe hakina namna ya kujua. Hilo la mwisho wengi huliruka. Kihisi kinaona maji yamepanda sentimita 40, lakini hakijui kama ni ya bomba, ya boza au ya kisima chenye chumvi yasiyofaa kupikia chai.

Hatua ya 1: Vifaa

Bodi mbili za ESP32, yaani kompyuta ndogo sana zenye WiFi (chukua WROOM-32U, ina sehemu ya kuchomeka antena ya nje), kihisi cha JSN-SR04T kinachopima umbali kwa mwangwi wa sauti na kisichoingia maji, rezista ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2, kishusha volti cha LM2596, adapta ya volti 12, moduli ya relei (swichi ndogo inayoendeshwa na bodi) inayokubali ishara ya volti 3.3, kontakta (swichi kubwa ya kubeba umeme wa pampu) yenye koili ya volti 230, vitufe vitatu, taa tatu ndogo za LED na rezista zake, boksi la plastiki la IP65, yaani lisilopitisha vumbi wala mvua. Ndani ya nyumba, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye Home Assistant (programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani), na iwe juu ya diski ya SSD. Kadi ndogo ya kumbukumbu haivumilii umeme unaokatika mara kwa mara.

Usinunue HC-SR04, ile yenye macho mawili. Ni ya bei rahisi, lakini unyevu wa ndani ya tanki unaiua. Epuka pia programu za simu zinazopitisha kila kitu kwenye seva za ng'ambo. Kifurushi kikiisha usiku, pampu inabaki bila bwana.

Hatua ya 2: Umeme

Peleka volti 12 hadi kwenye mnara, kisha zishushe ziwe 5 ndani ya boksi. Ukipeleka volti 5 kwa waya mwembamba wa mita 20, zinapungua njiani, na kila ESP32 inapotuma kwa WiFi inajizima na kuwaka upya. Rekebisha LM2596 kwa mita ya kupimia volti kabla ya kuunganisha bodi, si baada.

Pini ya Echo ya kihisi, inayotoa ishara ya mwangwi, inatoa volti 5, na ESP32 inavumilia 3.3 tu. Echo ipite kwenye rezista ya kilo-omu 1 kwenda pini ya ESP32, na kutoka pini hiyohiyo weka ya kilo-omu 2 kwenda graundi.

Hatua ya 3: Kufunga kihisi kwenye mfuniko

Hapa ndipo siku nzima hupotea, kwa sababu kila kosa hutoa namba inayofanana na ukweli.

Anza na umbali. JSN-SR04T haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hadi 25. Maji yakipanda hadi hapo, namba inaganda au inaruka, na pampu inaendelea kusukuma tanki likiwa limejaa. Pima kutoka uso wa kihisi hadi maji yanapoishia tanki likijaa. Kama ni chini ya sentimita 30, shusha boya la bomba na uweke kikomo cha pampu palepale. Kwa tanki la kipenyo cha mita 1.2, kila sentimita ni lita 11.3, kwa hiyo sentimita 10 zinakugharimu lita 113. Inauma, lakini kubali. Kuinua kihisi kwa kipande cha bomba jembamba huleta mwangwi wa ukingo wa bomba hilo, na unarudi pale ulipoanza.

Kisha mahali. Sauti yake inatawanyika kama mwanga wa tochi pana. Kikae angalau sentimita 30 kutoka ukutani, mbali na bomba la kuingizia maji, kwa sababu maji yanayoanguka yanavuruga uso. Kitazame chini wima kabisa; kikiinama, mwangwi unaenda pembeni na haurudi.

Dalili na sababu zake: namba ileile iwe tanki limejaa au nusu, kihisi kinasoma ukuta au bomba. Hakuna namba kabisa, angalia kama kinapata volti 5 kamili. Namba za ajabu alfajiri zinazojirekebisha jua likitoka, ni matone ya umande kwenye uso wake. Toboa tundu la hewa kwenye mfuniko na ulizibe kwa wavu wa mbu, kisha ziba kwa silikoni kila mwanya mwingine. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji ya tanki bila kusita.

Waya wa kihisi usiurefushe. Ishara yake ni dhaifu; bora usogeze boksi karibu na tanki. Nyaya ziingie kwenye boksi kwa chini, zikiwa zimening'inia kidogo kabla ya kuingia, ili mvua idondoke nje.

Halafu joto. Programu inahesabu kwa kasi ya sauti ya mita 343 kwa sekunde, yaani hewa ya nyuzi 20. Tanki jeusi likifika nyuzi 35, sauti inakwenda mita 352 hivi. Kwenye umbali wa sentimita 150 hilo ni kosa la karibu sentimita 4, na daima linaonyesha maji mengi kuliko yaliyomo. Ukilinganisha matumizi ya siku mbili, linganisha saa ileile, tena alfajiri.

Hatua ya 4: Programu

Tumia ESPHome, inayogeuza maandishi mafupi kama haya kuwa programu ya ESP32.

```
sensor:
  - platform: ultrasonic
    name: "Umbali wa maji"
    trigger_pin: GPIO25
    echo_pin: GPIO26
    pulse_time: 20us
    timeout: 4.0m
    update_interval: 10s
    filters:
      - median:
          window_size: 7
          send_every: 6
```

Usiposema timeout, yaani umbali wa mwisho wa kusubiri mwangwi, inaishia mita 2. Kichujio kiwe cha namba ya katikati, si wastani; mwangwi mmoja wa uongo unaharibu wastani wote.

Hatua ya 5: Pampu

Relei ndogo isibebe pampu. Mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida na midomo ya relei hugandana, kisha pampu haizimiki tena. Relei iwashe koili ya kontakta tu, na kazi ya volti 230 aifanye fundi umeme. Mwambie aweke swichi ya mkono pembeni, ili mtu aweze kuwasha na kuzima hata bodi ikifa.

Sharti hili liandikwe ndani ya ESP32 yenyewe: pampu ikifanya kazi dakika 10 na maji hayajapanda sentimita 3, izime na isirudie hadi mtu airuhusu mwenyewe. Huenda kisima kimekauka au bomba limepasuka.

Hatua ya 6: Vitufe

Viweke getini kwa mlinzi, kwenye ESP32 ya pili. Usimtake afungue programu. Wengi wana kitochi, na hata mwenye simu janja hatafanya hivyo saa tisa usiku. Kijani: maji ya bomba yameanza kutoka. Bluu: boza linamimina. Chekundu: kuna tatizo, njoo.

Tumia pini 18, 19 na 23. Pini 34 hadi 39 hazina rezista ya ndani ya kuvuta juu, kwa hiyo kitufe kitajibonyeza chenyewe. Weka kichujio cha milisekunde 50, ili mbonyezo mmoja usihesabiwe mara kadhaa. Kila kitufe kiwe na taa inayowaka sekunde 3 baada ya Home Assistant kupokea, wala si baada ya kubonyeza. Mlinzi asipoona jibu atabonyeza mara kumi, kisha ataacha kabisa.

Kijani kikibonyezwa, pampu ya kisima ifungwe hadi maji ya bomba yakatike, ili chumvi isichanganyike na maji matamu. Yakikatika, mlinzi abonyeze kijani tena. Na kiwango kikikaa saa moja bila kupanda kabla tanki halijajaa, taa ya kijani ianze kupepesa kumkumbusha.

Jumamosi ya kwanza, mwombe achovye kijiti chenye alama za sentimita akusomee kina, wewe ukiangalia namba kwenye kioo (kina ni kimo cha kihisi kutoka sakafu ya tanki, ukitoa umbali kilichosoma). Pima tanki likiwa limejaa, nusu na robo. Tofauti ikiwa ileile mara zote tatu, iondoe kwenye hesabu. Ikibadilika kila mara, rudi hatua ya 3.