Kupunguza mwangwi katika chumba cha mawe

Nyumba zetu za Lamu, za matumbawe na chokaa, hupoza joto vizuri. Lakini rekodi kaswida ndani yake, sauti inarudi kama umo kisimani. Chumba changu cha Mkomani nimekituliza hivi.

Piga kofi katikati ya chumba. Ukisikia mlio wa kuchachatika nyuma yake, kuta zinazotazamana zinarushiana sauti. Msomaji aketi mahali pake, mwenzake atelezeshe kioo ukutani. Popote msomaji atakapoiona maikrofoni kiooni, hapo ndipo pa kufunikwa.

Pafunikwe kwa kitu gani? Kanga na pazia jepesi hunyonya sauti nyembamba tu. Wimbi la hezi 1000 (mitetemo 1000 kwa sekunde) lina urefu wa sentimita 34 hivi, na unene wa kinyonyaji chema hufikia robo yake, yaani sentimita 8 na nusu. Sauti nzito hutaka zaidi. Kwa hiyo naunda fremu za mbao, najaza usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) bila kuushindilia, navika kitambaa ambacho ukikipuliza pumzi inapita. Kisha nazitundika upana wa kiganja kutoka ukutani. Nafasi hiyo nayo inasaidia. Trei za mayai, ambazo wengine hubandika ukutani, waachie wenye kuku.

Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, usizizibe, zinatawanya sauti. Sakafuni tandika zulia zito.

Punda wa uchochoroni utaendelea kumsikia, maana kunyonya mwangwi si kuzuia kelele. Mimi hurekodi baada ya isha. Na usumba huwaka upesi: weka mbali na taa za moto.