Somo: Namna ya kujiandaa kusainiwa kitabu na mwandishi umpendaye

Kila unapotangazwa uzinduzi wa kitabu Dar es Salaam au Nairobi, huulizwa maswali yale yale, mara nyingi jioni ile ile ya shughuli, wakati muulizaji hana tena nafasi ya kujiandaa. Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja.

Kwanza, kisome kitabu chenyewe.

Pili, waulize waandaaji kama mwandishi atasaini, na kama wanaruhusu nakala uliyotoka nayo nyumbani au ni lazima ununue pale mezani.

Tatu, fika mapema na ukae karibu na meza ya vitabu.

Nne ni jina, na hapa ndipo nilipokosea. Nilitaka nakala iandikwe kwa mama yangu, ambaye ndiye aliyenipa riwaya ya kwanza ya mwandishi yule nikiwa darasa la saba. Mama huandika jina lake Khadija, kwa kh, naye hulitetea hivyo katika kila karatasi ya serikali. Nililitamka haraka katikati ya kelele za ukumbi, mwandishi akaandika Hadija, na nilipotazama wino ulikuwa umeshaingia kwenye karatasi. Nakala zilikuwa zimekwisha. Mama alipokea kitabu kwa furaha, lakini niliona jicho lake lilivyosimama kwenye herufi ile ya kwanza. Kwa hiyo andika jina kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, ukichomeke kwenye ukurasa wenye jina la kitabu, na umwoneshe mwandishi kabla hajagusa kalamu, hata kama jina lako ni Juma. Likikosewa, usimwombe aandike juu yake, kwani ukurasa utachafuka zaidi.

Tano, usikifunge kitabu kabla wino haujakauka.

Sita, andaa sentensi moja ya kumwambia, ihusuyo mahali mahususi kitabuni palipokugusa, kisha mpishe aliye nyuma yako.

Swali: Je, ninaweza kwenda na kitabu changu cha nyumbani?

Jibu: Tafadhali soma hatua ya pili.

Swali: Nakala yangu ni ya fotokopi. Atakubali kuisaini?

Jibu: Usiipeleke. Mwandishi hakupata hata senti kwa nakala hiyo, nawe unataka aihalalishe kwa mkono wake.

Swali: Mbona unajibu kwa ukali? Vitabu ni ghali, na si wote tunaovimudu.

Jibu: Sikukusudia kukuvunjia heshima, ila kuhusu fotokopi sibadili msimamo. Kama ulikisoma maktaba, nenda na daftari safi na umweleze hivyo bila haya, kwa kuwa msomaji wa maktaba ni msomaji kamili.

Swali: Kwa nini ukurasa wenye jina la kitabu, na si ule mtupu wa mwanzo?

Jibu: Nashukuru kwa kuuliza. Karatasi za mwanzo ndizo huchakaa na kuchomoka kwanza, na saini huondoka nazo. Katika ukurasa wa jina, saini hukaa pamoja na jina la kazi yenyewe, na wapo waandishi ambao hukata kwa mstari jina lao lililochapwa, kisha wakatia saini chini yake, desturi ambayo mimi huipenda sana.

Swali: Ninayo Peponi kwa Kiswahili. Nimsubiri Gurnah peke yake?

Jibu: Hapana, mtafute na mtafsiri. Riwaya hiyo ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na Kiswahili unachokisoma ni cha Ida Hadjivayanis, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Watafsiri huwa hawana foleni ndefu, hivyo utapata nafasi ya kuuliza ni neno gani lilimsumbua na kwa nini alichagua alilolichagua.

Swali: Saini zote mbili ziwe ukurasa mmoja?

Jibu: Ndiyo, kila mmoja chini ya jina lake. Ikiwa jina la mtafsiri halikuchapwa hapo, geuza karatasi ulitafute kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji, naye asaini papo hapo.