Andika na saa bidhaa ilipoisha

Wenye maduka wenzangu wa Tanga mnaoweka mauzo kwenye daftari au simu, ongezeni safu moja tu: saa bidhaa ilipoisha. Mauzo si mahitaji. Ukiuza mikate 40 ikaisha saa 2 asubuhi, daftari litasema 40, na wale waliorudi mikono mitupu hawamo. Ukiipa kompyuta namba hizo ikutabirie, itakwambia kesho lete 40, na kesho kutwa 40 tena. Hata maduka makubwa ya nje yanayotumia ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta inayojifunza kutokana na rekodi za nyuma, hulazimika kuirekebisha kasoro hiyohiyo.

Wa samaki, hasa nyie wa soko la samaki la Deep Sea, wekeni na tarehe ya mwezi mwandamo. Dagaa wa taa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wanapungua. Pweza nao ni wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Mzee yeyote wa pwani analijua hilo, lakini mashine hailijui mpaka uiandikie, na kalenda ya ukutani peke yake haitaionyesha.

Anzeni na bidhaa moja, ile inayowahi kuisha.