Unanunua godauni au fremu? Mpeleke saveya kabla ya hela

Watu wengi hapa Dar wakishashika kopi ya hati, wakafanya na sachi (kukagua kumbukumbu za hati) kwa msajili wa hati wakaambiwa jina ni la muuzaji kweli, hamna mkopo wala zuio, basi wanalipa. Sasa sachi imekujibu kiwanja ni cha nani, lakini kama ule ukuta aliokuonesha dalali ndo mpaka wenyewe hiyo haijui, hilo anajibu saveya, yaani mpima ardhi, na kwenye eneo la biashara hela nyingi zinapotea hapo hapo.

Anza na ile ramani ndogo iliyoambatanishwa kwenye hati, watu wanairukaga. Nakili namba ya kiwanja, kitalu, namba ya ramani ya upimaji, ukubwa na matumizi. Kwenye matumizi tulia kidogo, maana kama imeandikwa makazi na wewe unaona fremu sita na godauni nyuma, ujue kazi ya kubadili matumizi unainunua pamoja na jengo. Na ukiambiwa "hati bado ila mchoro upo", huo mchoro wa mipango miji ni mpango tu wa karatasi, haimaanishi kuna mtu alishaenda kupima na kuzika bikoni, zile alama za zege za mpaka.

Halafu tafuta saveya wako, awe amesajiliwa, umlipe mwenyewe, yule anayekuja kwenye gari moja na dalali achana naye. Atachukua koodineti (namba za kuonesha kila kona ilipo) za upimaji wa mwanzo huko ardhi aje kufufua mipaka, yaani kuzitafuta zile bikoni upya. Usijifanye mjanja ukazichukua kwenye ramani ukazitupia kwenye simu, upimaji mwingi wa zamani umetumia mfumo wa Arc 1960 na simu inatumia WGS84, utajikuta umesimama kwa mtu mwingine karibu mita 300 pembeni.

Siku ya kufufua nenda mwenyewe aisee. Nilimsindikiza jamaa yangu mmoja aliyekuwa ananunua eneo la barabarani, hati inasema 40 kwa 50, ukuta msafi, fremu za mbele zote zina wapangaji. Saveya akasoma mashine yake akamwambia kijana chimba hapa, jembe likashuka mara ya tatu likagonga kitu, wakafuta udongo kwa mkono, kikatoka kichwa cha zege na chuma katikati na namba juu yake, ukilinganisha na ramani ni yenyewe. Shida ni kwamba tulikuwa ndani ya ukuta, mita 3 kutoka geti! Na ya kona ya pili hivo hivo. Zidisha 3 kwa 50, ni mita za mraba 150 anauziwa ambazo sio za muuzaji, na fremu zenyewe, ambazo kodi yake ndo ilipandisha bei, zimekaa kwenye hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara.

Na barabara haina utani. Sheria ya Barabara ya 2007 inatoa mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu na za mkoa, ila usikariri hiyo 30, Morogoro Road kuanzia Kimara kwenda Kiluvya kipimo kilikuwa mita 121.5 na bomoabomoa ya 2017 tuliiona wote. Kwa hiyo mwambie saveya akuchoree kwenye ramani moja: mpaka wa hati, ukuta ulipo, majengo, hifadhi ya barabara, nguzo na njia ya umeme mkubwa, bomba, mto kama upo (mita 60 za kingo haziguswi), na njia ya miguu ambayo majirani wamezoea kupita. Hata shimo la choo la jirani liingie, linaweza kuwa limevuka kwako.

Jamaa yangu aliirudisha ile ramani mezani, muuzaji alinuna wiki nzima, mwisho bei ikahesabiwa upya bila zile fremu. Kwenye mkataba mwanasheria aliandika kinachouzwa ni kilichomo ndani ya bikoni, akataja namba zake moja moja, ramani ya saveya ikawa kiambatanisho. Majirani na mwenyekiti wa mtaa waite siku ya kuchimba, wasaini pale pale wakiwa wameziona bikoni kwa macho. Maji ya kunywa beba mengi.