Divai ya Noeli kwa michopo na sombe

Kama Noeli hii unaandaa michopo (nyama ya mbuzi ya kuchoma) na sombe (majani ya muhogo) hapa Lubumbashi, usikimbilie chupa nyekundu nzito eti kwa sababu ni nyama. Angalia pilipili kwanza. Divai yenye kilevi cha asilimia 14 au 15 huizidishia pilipili ukali. Mwaka jana shemeji yangu alileta ya namna hiyo. Kila aliyeonja aliweka bilauri chini akaomba maji.

Pakiwa na pilipili, tafuta nyeupe yenye utamu kidogo, kilevi asilimia 11 au 12. Namba hiyo iko kwenye karatasi ya chupa, kwa herufi ndogo. Ukiona "demi-sec", ina utamu. "Sec" ni kavu, yaani haina utamu. Mimi hupenda Chenin Blanc ya Afrika Kusini: uchachu wake unakata mafuta ya mawese kwenye sombe, na samaki wa kukaanga anakubaliana nayo pia.

Mbuzi asiye na pilipili nyingi, mafuta bado yanachuruzika, huyo mpe nyekundu. Pinotage inafaa, ni mzabibu uliozalishwa Afrika Kusini mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsault. Ila iingie friji nusu saa kabla ya kumimina. Habari ya kunywa nyekundu "kwa joto la chumba" ilitoka kwenye nyumba za baridi za Ulaya, si sebule yenye wageni ishirini mwezi wa Desemba. Umeme ukikatika, ndoo ya maji na barafu, dakika kumi na tano.