Rangi ya gari lililotumika: jua kasoro imefika tabaka gani kabla ya kushika msasa

Watu wengi wakiona boneti imepauka hukimbilia kampaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi. Naomba uiweke pembeni kwanza. Kasoro ya rangi hutibika kulingana na kina ilichofika, na kina hicho hakionekani ukilitazama gari kwa mbali.

Magari mengi ya kisasa yana matabaka manne juu ya bati: praima (rangi ya msingi) ya kuzuia kutu, praima ya pili ya kusawazisha, rangi yenyewe, halafu klia, ile vanishi angavu inayong'aa. Yote kwa pamoja, yakitoka kiwandani, mara nyingi huwa na unene wa mikroni 100 hadi 180 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Klia peke yake ni kama mikroni 40 au 50, chini ya unene wa unywele. Ukipiga polishi unaipunguza hiyo klia, na ikishaondoka hairudi ila kwa kupuliza upya. Ndiyo maana nasisitiza uchunguzi kuliko mashine.

Hatua ya 1: Osha mpaka rangi ibaki peke yake

Osha kivulini, bodi ikiwa imepoa, kisha kausha. Vaa mfuko mwepesi wa plastiki mkononi na upapase boneti taratibu. Ukihisi vipelevipele, huo ni uchafu ulionasa: vumbi la chuma la breki, utomvu wa miti, au matone ya rangi iliyopulizwa jirani. Uondoe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, huku umelowesha sehemu hiyo kwa maji ya sabuni. Udongo ukianguka chini, utupe. Chembe moja ya mchanga inatosha kukwaruza mlango mzima.

Hatua ya 2: Pima kina

Hapa usiwe na haraka. Mulika tochi kwa mshazari, usimulike moja kwa moja. Mikwaruzo midogo ya mviringo, kama utando wa buibui kuzunguka mwanga, imo kwenye klia na inaondoka kwa polishi.

Kwa mkwaruzo mmoja mrefu, lowesha kidole na uupake maji. Ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, bado uko kwenye klia. Kisha pitisha ukucha ukiukata mkwaruzo. Ukucha ukikwama, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni wa kina kisichofaa kufutwa chote. Ukiona kijivu au nyeupe ya praima ndani yake, polishi haina kazi hapo. Ukiona bati, kutu imeshaanza safari.

Tia kampaundi kidogo kwenye kitambaa cheupe na usugue mahali pa kificho. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, gari hilo halina klia, au pale imeshaisha. Rangi isiyo na klia ikipauka hurudi vizuri kwa polishi. Lakini klia iliyoanza kubanduka, yenye madoa meupe na kingo zinazonyanyuka ukizigusa, haina dawa ya chupa. Itabidi paneli ipulizwe upya.

Hatua ya 3: Tafuta kazi ya fundi aliyetangulia

Chunguza mipira ya madirisha na kingo za ndani za milango. Vumbi la rangi au mstari wa tepu ni ushahidi wa kupigwa rangi upya. Kipimo cha unene kikisoma 120 milango yote na 300 mlango mmoja, huo ulishapulizwa. Kikivuka 1,000, tarajia puti chini yake, yaani ile lipu ya kujazia mabonde ya bati. Huna kipimo? Funga sumaku ndogo kwa kitambaa laini. Kwenye puti nene hushika kwa unyonge. Haifanyi kazi kwenye alumini wala bampa la plastiki.

Hatua ya 4: Kasoro za kwenye klia

Bandika tepu kwenye kingo na mikunjo ya bodi, maana huko rangi ni nyembamba zaidi. Anza na polishi laini na sponji laini, eneo la kama sentimita 50 kwa 50. Isipotosha ndipo uongeze ukali. Mkwaruzo mkaidi unaweza kulainishwa kwa msasa wa maji namba 2000, kisha 3000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi), halafu kampaundi. Mwisho futa kwa spiriti: mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kukudanganya kwamba kazi imekwisha.

Hatua ya 5: Mkwaruzo uliofika praima

Tumia namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari, usikisie kwa macho. Jaza kwa brashi nyembamba, safu nyembamba kadhaa, kila moja ikauke kwanza. Malizia na klia.

Hatua ya 6: Malengelenge na kutu

Toboa lengelenge moja. Ukikuta unga wa kahawia, kutu iko chini, na kupaka juu yake ni kuificha tu. Sugua kwa msasa namba 80 hadi bati ling'ae, kisha panua kingo hadi uone pete za matabaka, klia, rangi na praima, zikifuatana bila ngazi chini ya kidole. Bati likitoboka, lichomelewe. Puti haizibi tundu. Piga praima ya epoksi, weka puti, isugue ikiwa kavu kwa sababu hunyonya maji, toka 80 hadi 180 na 320. Ipigwe praima, isuguliwe kwa namba 600, ndipo ije rangi na klia.

Klia inayochanganywa na hadna, dawa ya kuigandisha, ina isosianeti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu. Barakoa ya karatasi haikukingi. Kama huna chumba cha kupulizia na kifaa cha kuvuta hewa safi, andaa bati mwenyewe na upulizaji mwachie fundi mwenye navyo.

Paneli iliyopulizwa upya usiipake nta mapema. Fuata muda ulioandikwa na mtengenezaji wa rangi, mara nyingi wiki kadhaa, na kwa kipindi hicho ioshe kwa maji na sabuni laini tu.